Majani Yanayokula Shaba

Ijumaa, 1 Juni 1979

Madaraka leo. Mji mzima wa Isiolo umekwenda kuangalia gwaride. Mimi sikwenda. Mtu mwenye kazi kubwa hana nafasi ya kutazama watu wakitembea mguu sawa.

Nilikwenda machimboni. Uzuri ulioje! Majani yangu yamenifika kifuani na yametoa maua ya zambarau. Ukingoni nikaona kitu ambacho hakijaonekana pale tangu Mzungu aondoke. Nyasi! Nyasi za kawaida kabisa, zile mbuzi anazokula bila kufikiri. Nilipiga magoti. Nililia kidogo. Hakuna aliyeniona ila kanga wawili.

Niandike habari hii vizuri, maana wajukuu wataisoma. Kabla ya Uhuru Mzungu mmoja alichimba shaba huko njia ya Gotu. Hakupata ya kumtajirisha. Akaondoka, akatuachia shimo na kilima cha udongo wa kijani. Mvua ikautandaza udongo huo juu ya malisho ya ndama. Nyasi zikafa. Ndama wakaulamba, wakakonda, wengine wakafa. Tangu hapo watu hupita mbali na mahali hapo, na watoto huambiwa wasikanyage.

Mimi nilikuwa mpishi wa wapima mawe. Siku moja, safarini mbali sana na hapa, mkubwa wao alituonyesha mmea usioogopa shaba. Unaipenda! Unaivuta kwa mizizi na kuipandisha kwenye matawi na majani. Ukiukata na kuupeleka mbali, umeondoka na shaba, na udongo umebaki na nafuu. Wenzake waliitikia tu na kuomba sukari. Mimi mpishi nikatia mbegu zake kwenye pindo la kikoi.

Mvua kubwa tatu zimepita tangu nipande. Walinicheka wote. Sasa Jumatatu ya tarehe 11 afisa wa madini anakuja kutoka Nairobi kuupima udongo. Wazee watakuwepo. Baba mkwe wangu, Mzee Denge, atakuwepo.

Hapo ndipo penyewe. Mke wangu Dahabo anakaa kwa baba yake, huko manyatta karibu na Gotu. Aliondoka siku ngamia wake alipotumbukiza mguu kwenye choo nilichochimba nusu. Alisema maneno mengi. Kisima nilichimba mpaka kiunoni nikaacha. Mizinga ya nyuki niliipaka rangi, nyuki sikuwatafuta. Mzee Denge akatamka mbele ya wazee: Dahabo atarudi siku Kanchoro, yaani mimi, atakapomaliza kazi moja. Moja tu, mwanzo hadi mwisho, watu wakiona.

Wataona!

Jumapili, 3 Juni

Nimekata. Siku mbili za panga. Mikono imetoka malengelenge, na nimemwonyesha kila niliyekutana naye. Rundo la matawi limefika juu kuliko paa la nyumba yangu.

Alasiri akaja Salesio na pikipiki ya serikali. Salesio ni bwana shamba, Mmeru, kijana wa kalamu mbili mfukoni. Mwaka juzi alitaka pale papandwe katani na mimi niondolewe. Leo alizunguka rundo langu mikono nyuma. Akakiri majani yamefanya kazi nzuri. Nikamwomba arudie kwa sauti. Akarudia!

Lakini hawezi kusifu bila kutia pilipili. Akaniuliza matawi nitayapeleka wapi. "Bwana Kanchoro," akasema, "hiyo copper haijakufa. Imehama nyumba tu." Eti nichimbe shimo refu mbali na kisima, niyafukie yote, nizungushie miiba ili mbuzi wasiyaguse.

Shimo! Mimi na mashimo hatuelewani. Nikamwambia mtu aliyefanya kazi na wapima mawe hafundishwi na mtu wa maharagwe. Akanijibu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia mimi ni Muislamu, mambo ya tembo hayanihusu. Akawasha pikipiki akaenda. Nadhani nilimshinda.

Jumanne, 5 Juni

Kichwa hiki! Mwenyezi Mungu alikitengeneza bila haraka.

Asubuhi nilikuwa nimeketi nje ya nyumba yangu hapa Chechelesi nikilifikiria shimo. Akapita Madina, jirani yangu, anayeuza maziwa barabarani. Alikuwa amebeba vijiti vya ejersa na kulalamika. Bila ejersa hawezi kufukiza vyombo vya maziwa, na mti wenyewe siku hizi hupatikana mbali, huko mlimani. Mgongo umemwisha.

Nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena.

Kila nyumba yetu hufukiza vyombo. Mama anachoma vijiti, anatia makaa mekundu ndani ya gorfa, kile chombo cha maziwa cha kufumwa kwa mizizi, anafunika, anatikisa, anasugua kwa fito mpaka ndani pawe peusi na kunukia. Ndipo maziwa hukaa siku nyingi bila kuharibika. Na matawi yangu yakikauka yananukia vizuri sana. Basi kwa nini nichimbe? Wanawake wayachukue! Kila mmoja mzigo wake. Wayachome. Kitu kilichochomwa kimekwisha, na moshi husafisha kila kitu, hata bibi yangu alijua hivyo. Shaba itaondoka machimboni kwa miguu ya watu wengine, na mimi nitapewa shukrani juu yake.

Nikachukua fungu lililokwisha kukauka, nikawasha mbele ya Madina. Moto ukawaka kijani! Kijani kabisa, wa kuruka ruka. Madina akarudi nyuma, akasoma Bismillahi, akauliza kama ni jini. Nilishtuka pia, lakini ndani kwa ndani. Nikamwambia kwa upole kwamba kijani ni rangi ya nyasi, na nyasi ni amani na mvua. Wazee wetu hushika nyasi mkononi wakiomba. Moto wenye rangi hiyo unaweza kuwa nini kama si baraka?

Akafikiri. Akaomba mafungu mawili.

Alhamisi, 7 Juni

Rundo limekwisha! Walikuja na punda, walikuja na watoto mgongoni, walikuja kutoka Chechelesi na hata Gotu. Wanayaita majani ya Kanchoro. Mama mmoja aliniombea dua ndefu, nami nikasimama wima mpaka akamaliza, maana dua haikatizwi.

Mzigo bora kuliko yote nilimpelekea Dahabo kwa punda. Si kwamba ninamwomba arudi. Mwanamume haombi. Nilituma neno tu: afukize gorfa yake kubwa kwa matawi haya, agandishe maziwa ya ngamia na ng'ombe, na Jumatatu wazee na afisa wanywe itittu kutoka chombo hicho na si kingine. Itittu ni maziwa yetu ya kugandishwa, na ya Dahabo hayana mfano. Nilitaka siku yangu kubwa iwe na mkono wake ndani.

Jibu lilikuja na punda yule yule. Dahabo ameuliza kama kweli nimemaliza. Nimelirudia swali hilo mara nyingi, na kila mara ninasikia sauti yake ikiwa laini. Nimefagia nyumba.

Jumamosi, 9 Juni

Maneno ya mji. Madina anasema maziwa yake ya jana yalikuwa na ladha ya msumari. Nikamuuliza lini alionja msumari. Akanijibu ng'ombe ni yule yule, malisho ni yale yale, kibuyu ni kile kile, kilichobadilika ni kuni. Nikamweleza kwamba ulimi wake umezoea ejersa, na kila kizuri kigeni huanza kwa uchungu. Hakucheka. Wateja wake wamemrudishia maziwa, na mbwa wa hotelini ameyanusa akaondoka.

Nilimhurumia kweli. Lakini mbwa huyo namfahamu, hana shukrani.

Salesio naye akanisimamisha sokoni kwa Wameru wa miraa. Akauliza nimeyafukia wapi. Nikamwambia yamekwenda mahali salama. Akauliza mahali gani. Nikamwambia ni siri ya kazi. Alinitazama kwa muda mrefu, kalamu zake mbili zikimeta. Wivu ni ugonjwa mbaya, na amekuwa nao tangu zile nyasi ziote.

Jumatatu, 11 Juni

Niandike polepole.

Landrova ya serikali ilifika asubuhi. Afisa wa madini ni mtu mpole mwenye miwani, na sanduku lake limejaa chupa. Alitembea machimboni, akachutama penye nyasi zangu, akazigusa kwa kidole. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho kimefanywa na mwananchi. Mwananchi! Mbele ya wazee wote! Nilimtazama Mzee Denge. Hakutabasamu, lakini alihamisha fimbo yake kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Dahabo alisimama nyuma na wanawake, amejifunga ushungi mpya.

Afisa akatoa kijiko chake kirefu cha kuchimbia. Mzee Denge akainua fimbo. Ardhi haichimbwi hivi hivi, akasema, lazima ibarikiwe kwanza. Afisa akavua kofia akangoja. Ni mtu wa adabu.

Dahabo akaleta gorfa. Mzee Denge akajaza kinywa maziwa, kama desturi, ili ainyunyizie ardhi. Nikaona uso wake ukikunjamana taratibu. Machozi yakamtoka. Lakini mzee akishaanza baraka hawezi kuikata katikati, ingekuwa ni laana. Akainyunyizia ardhi. "Nagaa," akasema, kwa sauti iliyobanwa. Amani. Wazee wakaitikia, "Nagaa!" Kisha kila mmoja akapokea gorfa, akajaza kinywa, akakunjamana, akanyunyiza. Niliona machozi na nikafikiri wameguswa na kazi yangu. Waliyobakiza wakayamwaga chini yote. Yalikuwa na ukijani kwa mbali. Nikasema ni kivuli.

Afisa akachimba pale pale penye unyevu, kwa kuwa ni laini. Udongo ndani ya kichupa, maji ya dawa, atikise, angoje, tone la dawa nyingine. Alikuwa ametueleza: ikigeuka buluu, kuna shaba.

Ikageuka buluu. Buluu ya wino wa shule!

Afisa akasema kwa masikitiko kwamba udongo bado ni mchafu sana, mchafu kuliko hata alivyotarajia. Sikusikia vizuri yaliyofuata. Niliona ushungi wa Dahabo ukigeuka kuelekea njia ya manyatta. Miaka yangu yote mitatu, malengelenge yangu, mke wangu, vyote ndani ya kichupa kimoja!

Aliyeninusuru ni Salesio. Naandika jina lake kwa shida. Alisema nyasi hazidanganyi, afisa ajaribu pengine. Afisa akachimba mbali kidogo. Rangi hafifu sana. Akachimba upande wa kisima. Hakuna rangi! Akachimba chini ya kilima chenyewe. Kidogo tu. Akakuna kichwa, akasema ni ajabu, mahali pote pamesafishika isipokuwa pale wazee walipobariki.

Mzee Denge akasimama. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kama serikali imekuja kutoka Nairobi kuwaambia wazee kwamba baraka yao ni uchafu. Afisa akavua kofia tena, ingawa hakuwa ameivaa.

Hapo Salesio akaitazama gorfa. Akanitazama mimi. Akainusa gorfa. Akaomba tone la dawa litiwe kwenye matone ya maziwa yaliyobaki ndani.

Buluu.

Wazee wakaanza kutema mate wote kwa pamoja. Dahabo akanisogelea. Aliniuliza neno moja, polepole: yale matawi niliyomtumia, yalitoka wapi? Nikamjibu ukweli, kwamba nilimchagulia yaliyo bora.

Jumanne, 12 Juni

Hakuna aliyeugua, alhamdulillahi. Ladha yenyewe iliwaokoa, hakuna aliyeweza kumeza. Lakini asubuhi niliamka nikakuta vyombo mlangoni. Gorfa, vibuyu, vichungi, vyote vimefukizwa kwa majani ya Kanchoro. Madina amekaa juu ya jiwe langu mbele ya wanawake wa Chechelesi. Alisema gorfa moja hufumwa miezi na miezi, kwamba yake alifumiwa na mama yake siku ya harusi, na sasa hata akiiosha kwa mchanga wa mto mzima inanuka msumari. Kisha akalia. Niliona aibu. Nimeiandika, basi, wajukuu waisome na wapite haraka.

Wazee wamekata shauri. Vyombo havichomwi, maana hata majivu yatakuwa na shaba. Vitafukiwa, pamoja na udongo ule uliomwagiwa maziwa na matawi yoyote yaliyobaki. Wapi? Kwenye shimo la zamani la Mzungu, ambalo limejaa mawe na lazima lichimbuliwe upya hadi kwenye mwamba. Nani atalichimbua? Mimi. Kisha niwaletee wanawake mizizi ya kufumia vyombo vipya, kutoka popote itakapopatikana.

Nikauliza kama naweza kuchimba nusu na Salesio nusu. Mzee Denge akanipa jembe.

Jumanne, 19 Juni

Nimechimba. Nimechimba! Kutoka alfajiri hadi jioni, kila siku. Jana nilifika kwenye mwamba. Jembe liligonga likalia, nami nikapiga kelele humo chini mpaka mchungaji mmoja akaja akidhani nimevunjika.

Nilipokea vyombo kimoja kimoja. Cha Madina nilikiweka mwisho, kwa mikono miwili. Tumefukia, tumeweka mawe, nimezungushia miiba. Salesio alikagua akasema ni kazi safi. Afisa ameandikia Nairobi kwamba malisho yamesafishika. Leo jioni wameachia ndama kwenye ukingo, wachache, kwa majaribio. Nilisimama nikiwatazama wakila. Masikio yao yalikuwa yakicheza. Mtu mwingine ana mali au ana vyeo, na mimi nina hawa ndama.

Nimemaliza kazi. Mwanzo hadi mwisho, watu wakiona.

Mzee Denge ni mtu wa neno lake. Ametamka leo mbele ya wazee: sharti limetimia, Dahabo ana ruhusa ya kurudi kwa mumewe, uamuzi ni wake. Nimefagia nyumba tena. Nimefukia na kile choo.

Jumamosi, 30 Juni

Jibu la Dahabo limefika. Amesema miaka yote hii alidhani taabu yangu ni kutomaliza kazi. Sasa ameona ninapomaliza. Basi atakaa kwa baba yake kidogo zaidi, apumzike.

Nimelisoma jibu hili kwa makini, kwa moyo. Kwanza niliumia, sitaficha. Nililala mchana kweupe. Lakini mtu mwenye akili hutafuta kilicho ndani ya maneno. Hakusema hatarudi. Alisema "kidogo zaidi". Na amekubali kwa kinywa chake kwamba ninamaliza kazi! Ni sifa. Mwanamke mwenye haya hamsifu mumewe waziwazi, humsifu kwa mafumbo.

Kilichobaki ni kumlainisha baba. Nimesikia Mzee Denge bado anateseka. Kila asubuhi, eti, anaamka na ladha ya msumari mdomoni, na chai haina raha. Jambo hilo ni juu yangu, na mimi si mtu wa kukimbia wajibu. Mdomo wa mzee unataka kitu kimoja tu, mswaki mzuri, wa mti mgumu wenye harufu.

Na bahati iliyoje! Nyuma ya nyumba nimekuta fungu moja la matawi yangu ambalo halikuingia shimoni. Limekauka vizuri. Nimeketi hapa nachonga tangu adhuhuri, mswaki mmoja baada ya mwingine, laini kabisa ncha zake. Kesho asubuhi punda anaondoka kwenda Gotu.